Liva ya gia kwa gari la zamani: maswali tunayoulizwa kila mara huku Mbeya na Iringa

Hapa ni kwa wale wenye Land Rover za mzee, Corolla za namba za zamani, Peugeot 404 na 504, Datsun, kobe za VW na Land Cruiser 40 ambazo bado zinapiga kazi huku juu, na wanafikiria kubadilisha liva ya gia au mfumo mzima wa kubadilishia gia, yaani shifta. Maswali ni yale yale yanajirudia kwa hiyo nimeyaweka pamoja, soma lile linalokuhusu mengine ruka.

Nina Corolla KE70, liva imelegea mno, hata ikiwa namba tatu unaweza kuizungusha inavyotaka. Ninunue shifta gani?

Usinunue chochote kwanza. Kwenye Toyota nyingi za enzi zile, zenye giaboksi za K40, K50, T50 mpaka W50, chini kabisa ya liva kuna kigololi kinachokaa ndani ya kikombe cha plastiki, na hicho kikombe kikiisha ndo unapata huo mchezo. Liva yenyewe nzima, giaboksi nzima, kilichokufa ni kidude kidogo unachoweza kukificha kwenye ngumi. Toa nobu, yaani kile kichwa cha liva unachokishika, toa raba ya juu na ile ya ndani, utakuta kikofia cha chuma kimeshika liva, kikandamize chini kwa nguvu huku unakizungusha kushoto na kitaachia, liva inatoka nzima mkononi. Sasa angalia ile ncha ya chini. Ukikuta plastiki imepasuka au haipo kabisa na chuma kinagonga chuma basi jibu lako umelipata, na mara nyingi vipande vya plastiki vimedondokea humo humo ndani, vitoe, ila sumaku haisaidii hapo maana ni plastiki, tumia koleo ndefu nyembamba na tochi.

Weka kikombe kipya, paka grisi, rudisha. Watu wengi wanaoulizia shifta mpya wanamalizia hapa hapa na hela yao inabaki, na mimi nafurahi sana hilo likitokea kwa sababu gari la zamani lina sehemu nyingi zinazosubiri hiyo hela.

Sasa hizi shifta za kununua zinatofautiana nini na ya kiwandani?

Kitu kikubwa ni urefu wa liva juu na chini ya pale inapoegemea. Chukua mfano, liva ina milimita 300 kutoka kwenye egemeo mpaka nobu, na milimita 60 kutoka egemeo kwenda chini. 300 gawa kwa 60 ni 5, maana yake foki, kile chuma kinachosogeza gia ndani ya giaboksi, ikitaka kusogea milimita 10 mkono wako unasogea milimita 50. Shoti shifta inachofanya inarefusha upande wa chini, tuseme mpaka 80, hapo mkono unasogea kama 37 na nusu tu, gia zinakuwa karibu karibu na unajisikia vizuri. Ila hakuna cha bure, nguvu unayotumia inaongezeka kwa karibu theluthi moja, foki na sinkronaiza (ring zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana) ndo zinaipokea hiyo nguvu yote. Wengine wanapunguza upande wa juu, wanakata liva na kuchomelea, hesabu ni ile ile isipokuwa nobu nayo inashuka chini mpaka unaanza kuinama kuitafuta.

Tofauti zingine ni bushi ngumu badala ya raba, springi za kurudisha liva katikati, na kwenye zile nzuri kuna bolti za kuzuia, zinazokamata liva ikifika mwisho ili nguvu ya mkono iishie kwenye shifta isiende kupinda foki. Hizo bolti za kuzuia kwangu ndo kitu cha kwanza kukiangalia kabla ya urembo wowote.

Shoti shifta inafaa kwa barabara zetu?

Kwa maoni yangu ndogo inafaa, kali haifai. Fikiria asubuhi ya Juni au Julai Njombe au Makete, oili ya giaboksi imeganda nzito, sinkronaiza inahitaji muda kidogo wa kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaingiana, na wewe una liva inayotaka nguvu zaidi na inakuhimiza ubadilishe haraka, utasikia ikisaga kutoka namba moja kwenda mbili kila siku ya Mungu mpaka sinkronaiza iishe. Na giaboksi ya gari la mwaka 1975 si ile iliyotoka kiwandani juzi, ring za sinkronaiza zake zimeshakula kilomita nyingi na za kubadilisha hazipatikani kirahisi.

Alafu kuna milima. Anayeshuka Kitonga kutoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni, au anayeshuka Iwambi kwenda Mbalizi, anataka kitu kimoja tu kwenye liva yake: akiweka namba mbili iingie mpaka mwisho na ikae hapo hapo mpaka atakapoitoa mwenyewe. Sekunde ngapi inachukua kuingia hiyo siyo hoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza anatafuta nini kwenye shifta namwambia tafuta inayoshika, haraka iache kwa wanaokimbia mbio za magari. Punguzo la asilimia 15 au 20 ya safari ya mkono linatosha kabisa kuondoa uchovu wa kuvuka Mwanjelwa kwenye foleni.

Nitajuaje giaboksi yangu inakubali shifta gani?

Hapa ndo watu wanapoteza hela. Usiagize kwa jina la gari, agiza kwa jina la giaboksi, maana haya magari yameshafunguliwa na kufungwa mara nyingi, unaweza kukuta pikapu ya Datsun ina giaboksi ya gari lingine kabisa kwa sababu miaka ya shida fundi alifunga kilichopatikana. Lala chini, safisha tope kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, tafuta namba iliyochorwa kwenye chuma, piga picha.

Alafu angalia liva inaingiaje. Kuna familia tatu. Ya kwanza liva inazama moja kwa moja juu ya giaboksi, Toyota na Land Rover nyingi ni hivi, hizi ndo rahisi maana unabadilisha liva na bushi zake tu. Ya pili giaboksi ina mikono nje ubavuni na fito zinazoivuta, ndo za Marekani nyingi na zenye gia ya usukani, hapo shifta ni kitu kizima kinachofungwa pembeni na lazima fito na braketi zake zilingane na hiyo giaboksi, milimita kadhaa tu zikipishana hupati rivasi. Ya tatu ni fito moja ndefu inayopita chini ya gari mpaka giaboksi iliyo nyuma, kama kobe ya VW.

Pima pia umbali kutoka pale liva inapotokea mpaka kwenye kiti chako, ukae kwenye kiti, mkanda umefungwa, mkono ukiwa namba nne usilazimike kuinuka.

Land Rover Series yangu ni ngumu kuingia moja na mbili ikiwa inatembea, nikifunga liva nyingine itakuwa laini?

Hapana, na shikamoo mzee kama ndo gari ya ujana wako. Series I, II na IIA namba moja na mbili hazina sinkronaiza kabisa, zilitengenezwa hivyo, unatakiwa kukanyaga klachi mara mbili, yaani unatoa kwenda fri, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena ndo unaingiza. Sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele ilikuja na Series III mwaka 1971. Hakuna liva duniani itakayoongeza sinkronaiza isiyokuwepo.

Ila kama shida ni kwamba unatafuta namba moja unajikuta rivasi, hiyo inatibika. Juu ya giaboksi kuna kibati cha bawaba chenye springi na skrubu ya kurekebishia, kazi yake ni kuizuia liva isiteleze kwenda rivasi mpaka uilazimishe. Springi ikichoka au skrubu ikilegea kizuizi kinakufa. Badilisha springi, kaza skrubu kidogo kidogo huku unajaribu. Na tafadhali hii liva nyekundu ya transfa na kile kitufe cha njano cha fowilu viache vilivyo na rangi zake, dereva mwingine akipanda gari lako kwenye tope la Tukuyu ajue anashika nini.

Nina gia ya usukani, nihamishie chini?

Inategemea kwanini. Land Cruiser 40 za mwanzo zenye gia tatu na Peugeot 404 zilikuja na gia ya usukani, na 504 utazikuta za aina zote mbili. Vifaa vya kuhamishia vipo, hasa vya hiyo Land Cruiser, na watu wengi wanafanya hivyo kwa sababu fito za usukani zina viungo vingi, kila kiungo kina bushi, na bushi zote zikilegea pamoja gia zinakwama katikati ya barabara na inabidi ufungue boneti uzinasue kwa mkono.

Lakini ukweli ni kwamba hizo bushi fundi wa mashine anazichonga kwa siku moja. Mfumo wa usukani uliobadilishwa bushi zote ni mtamu, na siti ya mbele inabaki kubeba watu watatu, na kwa anayebeba watu na viazi kutoka Isyonje hilo lina maana kubwa kuliko muonekano. Ukihamishia chini kuna kutoboa bodi, tundu hilo halirudi, na anayekuja kununua gari la zamani kwa sababu ya uzamani wake atalishusha bei. Mimi nashauri uhamishie chini pale tu ambapo vyuma vyenyewe vya usukani vimeliwa au havipo, siyo kwa sababu umeona picha nzuri.

Hurst na B&M, shifta za Marekani, zinasifiwa sana, niagize?

Ni kazi nzuri, sibishi. Hurst hasa wanajulikana kwa shifta za giaboksi za gia nne za Marekani na zina zile bolti za kuzuia nilizosema. Shida ni mbili. Nyingi zimetengenezwa kwa giaboksi za Marekani, kwa hiyo kama huna gari la Marekani huenda zisikuhusu. Ya pili, zimepindwa kumfuata dereva anayekaa kushoto, sisi usukani wetu uko kulia, kwa hiyo liva itakukimbia kwenda kwa abiria. Uliza kama kuna liva iliyonyooka au ya kupinda upande wa pili kabla hujalipa.

Ukiifunga kuna utaratibu na usiuruke. Weka kila kitu fri, pitisha kijiti cha robo inchi kwenye matundu ya mikono ya shifta ili yote isimame sawa, alafu rekebisha kila fito mpaka iingie kwenye tundu lake yenyewe bila kusukumwa. Ukilazimisha hata moja umeharibu. Baada ya hapo toa kijiti, legeza bolti za kuzuia, sukuma namba tatu na uishikilie hapo, kaza bolti mpaka iguse, achia liva, rudisha bolti nyuma raundi moja, funga nati ya kukazia, fanya hivyo hivyo kwa namba nne.

Gia inachomoka nikishuka mlima, shifta mpya itatibu?

Swali hili naomba ulisome kwa makini kuliko yote kwa sababu hapa pana roho za watu. Gari likichomoka gia kwenye mteremko umebaki na breki peke yake, na breki za gari la zamani zikipata moto zinaisha nguvu. Kwa hiyo kama gia inachomoka usilipeleke gari mlimani mpaka lipone, hata kama ni safari ya msiba.

Sababu nyingi ziko ndani: springi na kigololi kinachoshikilia foki kimechoka, foki imeliwa, au meno ya gia yamechongoka. Shifta mpya haitibu hata moja ya hizo. Lakini zipo sababu za nje na hizo angalia kwanza maana ni rahisi. Mauntini, yaani raba zinazobeba injini na giaboksi, zikiwa zimekufa, ukiachia mafuta injini inajivuta na kuisukuma liva itoke. Raba ya liva ikiwa mpya na ngumu sana nayo inaivuta irudi. Na kubwa zaidi, liva inagusa ukingo wa tundu la bodi kabla gia haijaingia yote, unadhani umeingiza kumbe meno yameshikana nusu. Ingiza kila gia gari likiwa limesimama na limezimwa, pitisha kidole kuzunguka liva pale inapotokea, pawe na nafasi pande zote. Nimeona 504 pikapu iliyokuwa inachomoka namba tatu kila mteremko, ikaonekana waliweka kapeti nene lililokunjwa chini ya raba, kapeti likakatwa na gia ikatulia.

Nobu nzito inasaidia?

Inasaidia kidogo kuingiza, uzito wake unamalizia safari ya liva. Kwenye rafu rodi uzito huo huo unapigapiga, na kama kigololi cha ndani kimechoka unaitoa gia yenyewe. Chukua ya wastani. Uzi wa skrubu angalia kabla ya kununua, Nissan na Mazda nyingi ni milimita 10 kwa 1.25 (unene wa skrubu kwa hatua ya uzi), Honda ni 10 kwa 1.5, Toyota za zamani nyingi ni 8 kwa 1.25 na za baadaye 12 kwa 1.25. Beba nobu yako ya zamani dukani uijaribishie nati, ndo njia ya uhakika.

Bushi za kuchonga niweke nailoni, brasi au raba?

Nailoni kwa matumizi ya kila siku. Inateleza vizuri, haipeleki kelele nyingi ndani, na fundi wa mashine yeyote mzuri pale Mbeya mjini au Iringa anaichonga kutoka kwenye mche. Brasi inakaa imara na liva inakuwa na uhakika sana mkononi, lakini inataka grisi mara kwa mara na kila mtetemo wa injini utaupata kiganjani, kwa safari ya kwenda Dar hiyo inachosha. Raba ni ya starehe na inakufa mapema oili ikiifikia.

Mpelekee fundi bushi ya zamani hata kama imevunjika pamoja na liva yenyewe, siyo vipimo vya kuambiwa kwa simu. Mwambie aache uwazi mdogo tu, liva izunguke kwa kidole bila kuchezacheza. Ikiwa inabana hapo mezani itabana zaidi garini.

Vumbi la Chunya na mvua za Tukuyu, liva inahitaji nini?

Raba mbili. Ya ndani imekazwa na ringi ya chuma kwenye bodi, ya juu ya ngozi ni pambo na kinga ya ziada. Watu wanaofunga shifta ya kununua wanaitupa ile ya ndani kwa sababu haikai vizuri, alafu vumbi linachanganyika na grisi linakuwa msasa kwenye kigololi, na mvua ikinyesha maji yanaingia juu ya giaboksi. Tafuta namna ikae.

Yangu ni otomatiki, nayo inabadilishwa?

Inabadilishwa. Cha lazima ni vitu viwili, waya au fito irekebishwe mpaka P, R, N na D za shifta zilingane kabisa na za giaboksi, na ile swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia irudishwe na ifanye kazi. Fundi akikwambia swichi siyo muhimu tafuta fundi mwingine.

Kobe yangu ya VW haipati rivasi baada ya kufunga shifta.

Mara nyingi kile kibati cha kuzuia kilicho chini ya shifta kimegeuzwa, kina upande wake, kigeuze. Kama sicho, legeza bolti mbili za shifta isogeze mbele au nyuma kidogo ukiwa kwenye namba mbili, jaribu tena. Na kabla ya yote angalia kiungo cha fito kilicho nyuma, chini ya kifuniko kidogo kilicho chini ya siti ya nyuma, bushi zake zikiisha hakuna shifta itakayokaa sawa.

Oili ina uhusiano wowote na liva kuwa ngumu?

Sana. Giaboksi nyingi za zamani zina sinkronaiza za brasi na zinataka oili ya daraja la GL-4, daraja huandikwa kwenye kopo. GL-5 ni nzuri kwa difu ila dawa zake zinaweza kula brasi, na utelezi wake unaifanya sinkronaiza ishindwe kushika. Soma kopo, usikubali kuambiwa zote ni oili ya gia. 80W-90 ya GL-4 kwa wengi inatosha, na anayeishi Makete akipata 75W-90 ya GL-4 asubuhi zake zitakuwa laini zaidi. Badilisha oili kabla hujanunua shifta, mara nyingi ugumu unaondoka nusu.

Nitapata wapi, mpya au ya mtumba?

Liva orijino ya mtumba iliyotoka kwenye gari kama lako naipenda kuliko mpya ya bei rahisi isiyojulikana imetoka wapi. Waulize wanaouza spea za kukata, Gerezani Dar wapo wengi na wanatuma kwa basi, Tunduma pia ulizia. Omba picha ya ncha ya chini, siyo ya nobu, maana nobu inang'aa siku zote. Ukiagiza nje mpe muuzaji namba ya giaboksi na umwambie usukani ni wa kulia, na piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei.

Nimeshafunga, nitajuaje imekaa sawa?

Gari limezimwa, ingiza gia zote moja moja na rivasi, mara kadhaa, ukisikiliza kama kuna kinachogonga bodi. Alafu liwashe, jaribu kwenye tambarare asubuhi mapema kabla malori hayajajaa. Ukiwa namba tatu achia mafuta ghafla, kanyaga tena, achia tena, liva isisogee hata kidogo. Rudia namba mbili na nne. Ikipita hapo tafuta mteremko mfupi usio na magari, shuka namba mbili mkono ukiwa umeutoa kwenye liva na mguu karibu na breki. Mlima mkubwa uende siku nyingine ukisharidhika, na baada ya wiki moja ya kutembea ingia tena chini na spana, bolti mpya zote za braketi zikazwe upya.